Besi inakwaruza: tunayoambiana mazoezini na yaliyo kweli

Jumamosi moja kijana wa kwaya alinifuata nyumbani Magomeni na besi yake, lile gitaa la nyuzi nne za sauti nzito, kaipandisha daladala ndani ya mfuko wa salfeti kwa sababu begi limekufa zipu. "Shikamoo kaka. Shingo imepinda. Fundi kaniambia nitafute gitaa jingine."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia apige. Uzi wa A, freti ya 5 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), noti ya D: zzzz. Freti ya 4 kimya, ya 6 kimya. Hapo wengi wangeshika tupa wakaisaga freti. Nikamwomba apige D hiyohiyo kwenye uzi wa D wenyewe, bila kuubana popote. Zzzz ileile. Kisha uzi wa E, freti ya 10, ambayo nayo ni D. Zzzz tena.

Noti moja, sehemu tatu tofauti za shingo, mkwaruzo uleule. Shingo gani hiyo inayopinda kwa kufuata noti? Kumbe hakuna uzi uliokuwa unagonga freti. Kulikuwa na kitu kimelegea mahali kinachotikisika kila hewa na mbao zikivuma mara 73 hivi kwa sekunde, ambayo ndiyo D hiyo. Nikaanza kubonyeza kwa kidole huku yeye anapiga: funguo za kutunia, vitufe vya voliumu, skrubu za pikapu (kile kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, siyo ile ya kubebea mchanga), mwisho briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Nilipogusa kikalio cha uzi wa G, kile kipande cha briji kinachoubeba, kelele ikakata. Kila kikalio kina viskrubu viwili vya kukiinua, na kimoja kilikuwa kinaning'inia bila kugusa bati la chini. Nusu mzunguko wa kispana cha umbo la L, basi. Gitaa lililohukumiwa kifo likarudi Mabibo jioni ileile.

Mkwaruzo una mtaa wake, na wengi wetu tunakaza skrubu kabla ya kuuliza unakaa wapi.

"Ikikwaruza, shingo imepinda. Kaza chuma."

Hii ndiyo inayoharibu besi nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Shingo ya besi haitakiwi kunyooka kama rula. Inatakiwa iwe na bonde dogo sana katikati, kwa sababu uzi ukipigwa hautulii kwenye mstari: unapanuka tumboni kama kamba ya watoto wanaorukia. Uzi wa E unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde na ni mnene, unahitaji nafasi ya kucheza. Ukiinyoosha shingo kabisa, umeunyima nafasi hiyo.

Nyuzi nne zikiwa zimetuniwa zinaivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, kama mtu mzima aliyening'inia kichwani mwa gitaa. Kile chuma cha ndani ya shingo kazi yake ni kushindana na mvuto huo. Ukikikaza kwa kufuata mshale wa saa, shingo inanyooka, hata kurudi nyuma. Ukikilegeza, bonde linaongezeka. Sasa angalia mkasa: besi inakwaruza freti za mwanzo kwa kuwa shingo imenyooka mno, mtu anasikia "imepinda", anakaza, inazidi kukwaruza, anakaza tena. Siku moja chuma kinakatika, au nati yake inalika meno, na hapo kweli unaanza kutafuta gitaa jingine.

Kupima hakuhitaji duka. Tuni kwanza, maana kupima gitaa lililolegea ni kujidanganya. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa kidole cha kushoto, na kwa mkono wa kulia ubane pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa ni rula yako. Chungulia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Karatasi tatu za kawaida za fotokopi zikipita kwa kugusagusa, una kama milimita 0.3, na hapo ndipo besi nyingi zinapotulia. Uzi ukiwa umelala juu ya freti bila nafasi yoyote, legeza chuma robo mzunguko, tuni upya, pima tena. Robo, si nusu, na ikigoma usilazimishe. Mbao hazina haraka; wakati mwingine zinahama kesho yake.

"Pandisha nyuzi kwenye briji, itaisha."

Itaisha kweli, na vidole vyako navyo vitaisha. Kupandisha nyuzi ni kama kuinua nyumba nzima kwa sababu mlango mmoja unasuguana na sakafu. Uliza kwanza inakwaruza wapi. Kuanzia freti ya 1 hadi ya 5 hivi, mtuhumiwa wa kwanza ni shingo iliyonyooka mno. Kuanzia ya 12 kwenda juu, ndipo urefu wa nyuzi kwenye briji unapohusika. Besi ya kawaida hupumua vizuri uzi wa E ukiwa milimita 2 hadi 2.8 juu ya freti ya 17.

Ikikwaruza uzi ukiwa wazi tu, na ukibana popote inanyamaza, tazama kile kizingiti cha plastiki au mfupa kabla ya freti ya kwanza. Bana freti ya 3, kisha angalia juu ya freti ya 1: lazima pawe na uwazi mwembamba, hata kama ni wa unywele. Usipouona, mfereji wa kizingiti umechimbika, na kukaza chuma mwaka mzima hakutaujaza.

Ikiwa ni noti moja tu kwenye uzi mmoja, na noti hiyohiyo ni safi sehemu nyingine, hapo sasa shuku freti. Inayoinuka mara nyingi si unayobana bali inayofuata mbele yake. Chukua kadi ya benki, isimamishe kwa ukingo juu ya freti tatu, katikati ya nyuzi. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, freti ya kati imepanda. Ukingo mrefu wa kadi unatosha kuanzia freti ya 4 au ya 5. Kuanzia ya 12 tumia ukingo mfupi. Freti nyingine zimeng'oka kidogo tu kwenye mfereji wake, na kabla ya tupa mwambie fundi ajaribu kuigongea irudi mahali pake.

"Mkwaruzo wowote ni ubovu."

Hapana. Besi ya umeme husikilizwa kupitia spika. Ukiwa umekaa kitandani na gitaa halijaunganishwa, utasikia vidudu vingi ambavyo pikapu haivipeleki popote. Iunganishe, piga kwa nguvu zako za kawaida. Kama mkwaruzo hausikiki kwenye spika, na noti inadumu bila kukatika, achana nao. Wapo wapigaji wanaotaka kamkwaruzo hako kidogo kwa makusudi, na sioni kwa nini tuwatoze faini.

"Nyuzi ni nyuzi."

Ukitoka seti nene ukaweka nyembamba, mvuto unapungua, chuma kinashinda, shingo inanyooka, na kesho unasema duka la Kariakoo limekuuzia feki. Mambo ni yaleyale mwimbaji akisema "shusheni nusu toni, sauti yangu leo imekauka" na wewe ukalegeza nyuzi zote: mvuto umeshuka kama asilimia 11, nyuzi zinatanuka zaidi zikipigwa, na besi iliyokuwa safi mazoezini inakwaruza ibadani. Siku ya namna hiyo ni afadhali uhamishe vidole kuliko kutuni upya.

"Mimi napiga vizuri, tatizo ni gitaa."

Niliamini hivyo miaka. Kwenye harusi moja nililalamikia besi ya kuazima mpaka mzee mmoja wa muziki wa dansi akaomba aishike. Hakugusa skrubu. Alisogeza mkono wa kulia nyuma, karibu na briji, ambako uzi ni mgumu na hautanuki sana, akapiga kwa kuuvuta kando. Mimi nilikuwa nausukumia ndani, kuelekea mbao, yaani nautuma mwenyewe ukagonge freti. Akanirudishia bila neno, na hilo liliniuma kuliko angenisema. Mkono wa kushoto nao una lake: bana nyuma kidogo tu ya freti, usibane katikati ya uwazi.

"Ni ya bei rahisi, lazima ikwaruze." Nimeona besi ya bei ya chini iliyopangwa vizuri ikiishinda ya gharama iliyotoka sandukuni moja kwa moja. Joto na unyevu wa Dar havisomi nembo. Mbao huvuta unyevu wakati wa masika na kukauka kwenye chumba cha kiyoyozi, shingo inahama, na besi uliyoipanga Januari inaweza kudai robo mzunguko mwezi Aprili. Usiiache tu kwenye gari saa saba mchana.

"Inavuma, kwa hiyo nyuzi zinagonga." Mvumo unaoendelea hata usipopiga kitu ni wa umeme, ule mzito ni wa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Funga voliumu ya gitaa: ukikata, umeingilia kwenye gitaa, ukibaki, uko mbele zaidi. Ukishika nyuzi ukapungua, usishangae, mwili wako unakinga. Lakini ukiwahi kuhisi unapigwa shoti, hata kidogo, chomoa kila kitu. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Yule kijana alinipigia wiki mbili baadaye. "Kaka, imerudi." Nyumbani inakwaruza? Hapana, kanisani tu. Nikaenda Jumatano jioni kwenye mazoezi. Akapiga A wazi, na kweli, zzzz. Nikamwambia apige tena, nikatembea mpaka kwenye dramu ambayo haikuwa na mtu, nikaachia kile kishikio kinachobana zile waya zinazotikisika chini ya ngoma ya snea.

Kimya. Mpiga dramu alikuwa ametoka kununua maji.