Je, wajua kwa nini gemu moja hutolewa kwa PS4 na PS5 kwa pamoja?

Katika vibanda vya gemu vya Kirumba au Mabatini jijini Mwanza, ambako mchezaji hulipia mechi badala ya kununua mashine, si ajabu kukuta PS4 (PlayStation 4), mashine ya gemu ya kampuni ya Sony, ikiendelea na kazi ingawa mrithi wake, PS5, iliingia sokoni Novemba 2020. Mwenye kibanda anayeona gemu mpya ikitangazwa kwa mashine zote mbili anaweza kudhani kwamba Sony imemwonea huruma, lakini huruma haimo katika hesabu hiyo.

Mashine yenyewe, hasa ikiwa mpya, mara nyingi huuzwa kwa faida ndogo au hata kwa hasara, na fedha hupatikana kwenye gemu. Gemu kubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na karibu gharama yote huwa imekwisha kutumika kabla nakala ya kwanza haijanunuliwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mtengenezaji ni watu wangapi wanayo mashine ya kuichezea. Mwishoni mwa 2020, PS4 zilizouzwa duniani zilikuwa zimepita milioni 110, ilhali PS5 zilikuwa takriban milioni 4.5. Mei mwaka huo Jim Ryan, aliyekuwa akiongoza PlayStation, alisema kampuni inaamini katika vizazi vya mashine, yaani kila kizazi kiwe na gemu zake. Septemba ikatangazwa kwamba gemu ya Horizon Forbidden West ingetoka kwa zote mbili, na mwaka 2022 ikafuatwa na Gran Turismo 7 na God of War Ragnarök. Wengi husingizia uhaba wa chipu wa miaka ile, nao kweli ulirefusha kipindi cha mpito, ila uamuzi ulianza kufanywa kabla PS5 hata moja haijafika dukani.

Kazi yenyewe pia imerahisika, kwa kuwa prosesa (ubongo wa mashine) za PS4 na PS5 ni za ukoo mmoja, zote za kampuni ya AMD, tofauti na ile ya PS3 iliyowasumbua sana watengenezaji.

Anayeumia ni mbunifu. Hifadhi ya PS5 husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, wakati diski ya kuzunguka ya PS4 husoma takriban megabaiti 100 tu, hivyo gemu ya mashine zote mbili hulazimika kupangwa kwa kufuata ile iliyo dhaifu. Ratchet & Clank: Rift Apart ya 2021, ambamo mchezaji huruka kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine papo hapo, haikutolewa kwa PS4. Cyberpunk 2077 ilijaribu kubeba zote Desemba 2020, ikafanya vibaya mno kwenye mashine za zamani hata Sony ikaiondoa kwa muda katika duka lake la mtandaoni.

Gemu za mpira hudumu zaidi, kwa sababu uwanja mmoja wenye wachezaji 22 hauhitaji mengi kutoka kwenye diski: FIFA 14 ilitolewa hata kwa PS2, mashine ya mwaka 2000, na EA Sports FC 25 ya 2024, mrithi wa gemu za FIFA, bado ilikuwa na toleo la PS4.