Mwacheni ale mchicha

Jana alikuja kliniki mama mwenye valvu ya moyo ya chuma, upande wa mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo). Miezi yote INR yake (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda; namba ikipanda, inachelewa zaidi) ilikuwa inacheza kati ya 2.7 na 3.2, pazuri kabisa kwake. Jana ilisoma 5.8. Dozi ya wafarini, dawa yake ya kuzuia damu isigande, ni ileile, na vidonge anahesabiwa na bintiye. Nikamuuliza anakula nini siku hizi. "Mboga za majani nimeziacha kabisa, daktari. Wiki ya tatu sasa. Wameniambia zinaua dawa."

Nimechoka kuisikia kauli hii, na kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati mwingine anayeitoa ni mhudumu wa afya mwenzangu.

Wafarini haiifanyi damu kuwa nyepesi kama uji uliozidi maji. Haiyeyushi hata bonge lililokwisha kuganda. Ini hutumia vitamini K, iliyojaa kwenye mboga za majani, kukamilisha vigandishi (protini za kugandisha damu) namba II, VII, IX na X; vitamini hiyo ikishatumika, kuna kimeng'enya kinachoirudisha kazini, na wafarini inakizuia kimeng'enya hicho. Basi.

Sasa fikirini: dozi ya mama huyu tuliipataje? Tulipima, tukaongeza nusu kidonge, tukapima tena, na muda wote huo alikuwa anakula mchicha na kisamvu kama alivyokula tangu utoto. Mboga zake zimo ndani ya dozi. Ukiziondoa ghafla, kidonge kilekile kinakuwa kikubwa kuliko mahitaji yake, INR inapanda, na damu inaweza kumwagika tumboni au kichwani. Aliyezoea wali na maharage akahamia kijijini msimu wa matembele, INR yake itashuka, na valvu inaweza kushika bonge. Tunachotaka ni ulaji unaofanana wiki hadi wiki. Mtu wa mchicha mara nne kwa wiki abaki na mara zake nne. Ramadhani ikikaribia, au akiugua akashindwa kula, aje tupime mapema.

Tena anayekula vitamini K kidogo mno ndiye INR yake huyumba kirahisi, kwa sababu hana akiba: fungu moja la spinachi linamtikisa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa wa namna hiyo mikrogramu 150 za vitamini K kila siku, na wengi wakatulia. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha faida kubwa hivyo, kwa hiyo mimi siwapi vidonge vya vitamini K. Lakini nami miaka ya mwanzo niliwaandikia watu orodha ndefu za mboga zilizokatazwa, na leo naamini baadhi ya INR nilizohangaika nazo nilizivuruga mwenyewe.

Wakati tunaogopa kisamvu, mtu huyohuyo anaumwa tumbo, anapita duka la dawa, anapewa Flagyl (ndiyo metronidazoli) na hakuna anayemuuliza kitu. Hiyo ndiyo ya kuogopa! Metronidazoli, Septrin na flukonazoli ya fangasi huipandisha INR kwa siku chache tu. Diklofenaki ya maumivu huenda isiiguse namba kabisa, ila inachubua tumbo na kudhoofisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha mpaka dozi tunaipandisha maradufu na bado haitoshi. Mwenye wafarini aseme "natumia wafarini" kabla hajalipia dawa yoyote.

Dawa mpya za kuzuia damu isigande? Kwa valvu ya chuma, hapana. Dabigatrani, mojawapo, ilijaribiwa, jaribio likasimamishwa mapema: mabonge yalizidi, na kutoka damu pia.

Mama hakuwa anatoka damu popote. Nilimwambia asimeze kidonge usiku wa jana wala wa leo, keshokutwa arudi tupime ndipo tuseme dozi (ninyi msijipunguzie wenyewe), na jioni apike mchicha kiasi kilekile alichozoea. Akaniuliza kama anaweza kuutia nazi. Nikamwambia autie.