Royal Ivey na Njia ya Kutoka Benchi la Akiba hadi Ukocha

Msimu wa ligi unapomalizika hapa Mombasa, huwa nafuatwa na wachezaji waliokwisha kuvuka miaka 30, ambao magoti yameanza kuwasumbua na ambao wanataka kujua njia ya kuingia katika ukocha. Wengi hunieleza kwanza pointi walizofunga na vikombe walivyoshinda. Mambo hayo nayaheshimu, lakini ninachotaka kusikia kwao ni kitu kingine: walipokuwa wameketi benchi, walikuwa wakitazama nini? Miaka ya kufundisha mpira wa kikapu imenifanya niamini kwamba kocha mzuri mara nyingi hutokana na mchezaji aliyelazimika kuufahamu mchezo wote, kwa sababu kipaji chake peke yake hakikutosha kumpa dakika za kucheza. Mtu ambaye maisha yake yananisaidia zaidi kulieleza jambo hili ni Royal Ivey, aliyeiongoza timu ya taifa ya Sudan Kusini hadi Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Ivey alizaliwa New York mwaka 1981. Alipita katika shule ya Blair Academy huko New Jersey, ambako alicheza pamoja na kijana mzaliwa wa Wau aitwaye Luol Deng (Wau ni mji ulio Sudan Kusini ya leo), kisha akaenda Chuo Kikuu cha Texas, ambacho mwaka 2003 kilifika nne bora ya mashindano ya vyuo vya Marekani naye akiwa katika kikosi cha kwanza. Mwaka 2004 Atlanta Hawks walimchukua akiwa wa 37 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, yaani katika duru ya pili, ambako mchezaji hapewi uhakika wowote wa kubaki. Alibaki kwa misimu 10, akizichezea Atlanta, Milwaukee, Philadelphia na Oklahoma City, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa mchezaji wa akiba.

Ninaomba msomaji aitafakari misimu hiyo 10 kabla ya kuipita haraka. NBA haimhifadhi mchezaji wa akiba kwa huruma. Mlinzi asiye mfungaji mkubwa hubaki kwa sababu analinda kwa bidii, anajua nafasi ya kila mwenzake katika kila mpango wa kushambulia, na anaweza kuingizwa bila kupasha joto akacheza dakika nne pasipo kuharibu kitu. Ili aweze hivyo, lazima asome mipango ya wapinzani kama anayejiandaa kwa mtihani, atambue kutoka benchi ishara anayoitoa mchezeshaji wa timu nyingine, na awapigie kelele wenzake kabla mpinzani hajaweka skrini, yaani hajasimama kumzibia mlinzi njia. Juu ya hayo, kila alipohamia timu mpya alikuta kocha mwingine mwenye lugha yake, mazoezi yake na namna yake ya kukemea. Nani kati ya nyota wa ligi alipata kuona makocha wengi kwa ukaribu huo, akiwa ameketi hatua chache kutoka walipo?

Alipoacha kucheza hakupewa timu. Alianza katika klabu ya ligi ya maendeleo iliyo chini ya Oklahoma City, akapanda kuwa kocha msaidizi wa Oklahoma City Thunder wenyewe, na baadaye akafanya kazi hiyo New York Knicks, Brooklyn Nets na Houston Rockets. Hapa ndipo wachezaji wetu wengi hushtuka ninapowaeleza kazi yenyewe. Kocha msaidizi hutazama mechi za mpinzani ajaye kwenye video, anakata vipande, anaandika ripoti fupi ambayo mchezaji mchovu anaweza kuisoma na kuikumbuka, kisha anaingia uwanjani kabla ya mazoezi ya timu kumrudishia mchezaji mmoja mipira mamia ili arekebishe mtupo. Anatoa ushauri ambao kocha mkuu anaweza kuukataa mbele ya watu wote, naye anatakiwa aendelee kutoa mwingine dakika inayofuata. Mchezaji aliyezoea kushangiliwa huona kazi hiyo kuwa ya kushushwa hadhi. Aliyetoka benchi haoni hivyo, kwa sababu kusaidia bila kuonekana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu mwanzo.

Luol Deng, ambaye wakati huo alikuwa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, alimkabidhi Ivey timu ya taifa mwaka 2021. Wakenya tulikutana nao mwaka huohuo Kigali, katika AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, na tukapoteza kwa pointi 60 kwa 58. Mechi ile bado inaniuma, na nimeitumia mara nyingi kufundishia, kwa kuwa inaonyesha uzito wa uamuzi mmoja tu wa benchi pale timu mbili zinapolingana.

Kwa mtu aliyelelewa na NBA, mechi za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zina mitego yake. Mechi ni dakika 40 badala ya 48, na mchezaji hutolewa kwa faulo ya tano badala ya sita, kwa hiyo kocha akichelewa kumpumzisha nyota mwenye faulo mbili katika robo ya kwanza, anaweza kumkosa pale anapomhitaji. Taimauti, yaani mapumziko mafupi ya kocha kuzungumza na timu, ni tano tu: mbili katika nusu ya kwanza na tatu katika nusu ya pili, wakati NBA hutoa saba. Mchezaji hawezi kuiomba akiwa uwanjani. Huombwa kutoka benchi, na hutolewa tu mchezo unaposimama au timu pinzani inapofunga. Tena hakuna kanuni ya NBA inayomkataza mlinzi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumlinda mtu, hivyo mtu mrefu anaweza kusimama chini ya kikapu na kuiziba njia. Mambo haya hubadilisha mbinu nzima, na uchezaji wa NBA peke yake haumfundishi mtu hata moja kati yake.

Ivey aliyajifunza, na matokeo yako wazi. Sudan Kusini ilishinda mechi 11 kati ya 12 za kufuzu Kombe la Dunia la 2023, na huko Manila ikaifunga Angola 101 kwa 78, ushindi uliowapa nafasi ya kwenda Olimpiki wakiwa timu bora ya Afrika katika mashindano hayo. Kumbuka kwamba hii ni nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, ambayo haikuwa na ukumbi wa ndani wa kufanyia mazoezi, na ambayo wachezaji wake walikusanywa kutoka mabara mbalimbali kwa kambi fupi. Katika hali hiyo kocha hana muda wa kufundisha mipango 40. Huchagua michache inayolingana na watu alionao, na Ivey alichagua mbio, ulinzi wa kubana mpira na mitupo ya pointi tatu.

Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, timu hiyo iliongoza dhidi ya Marekani kwa 58 kwa 44 wakati wa mapumziko. Ilipoteza kwa pointi moja, 101 kwa 100, baada ya LeBron James kufunga zikiwa zimebaki sekunde nane. Kwenye benchi la Marekani alikuwepo kocha wake, Steve Kerr, ambaye naye alichukuliwa katika duru ya pili, akiwa wa 50 mwaka 1988, na ambaye alitwaa ubingwa wa NBA mara tano akiwa mchezaji, mara nyingi akitokea benchi, kabla ya kuuchukua mara nne akiwa kocha wa Golden State Warriors. Siku chache baadaye Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79, ushindi wake wa kwanza katika Olimpiki, kisha ikakutana tena na Marekani mjini Lille. Kerr alikuwa amejifunza. Alimwacha mchezaji wake mrefu, Joel Embiid, benchi mechi nzima, akatumia watu wenye kasi zaidi, na Marekani ikashinda 103 kwa 86. Kevin Durant, aliyecheza na Ivey Oklahoma City na kufundishwa naye Brooklyn, alitokea benchi akafunga pointi 14. Kumkalisha mtu kama Embiid, aliyepata kutajwa kuwa mchezaji bora wa NBA, kunahitaji ujasiri, na nadhani ni rahisi zaidi kwa kocha aliyewahi kukalishwa yeye mwenyewe, kwa sababu anajua mtu huyo anahitaji kuambiwa nini baadaye.

Sisemi kwamba nyota hawezi kufundisha. Bill Russell aliichukua Boston Celtics mwaka 1966 akiwa bado mchezaji wake mkubwa, akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika NBA, na akashinda ubingwa mwaka 1968 na 1969. Wala si lazima mtu awe amecheza NBA: Liz Mills, aliyetuongoza Wakenya huko Kigali na kuwa mwanamke wa kwanza kuifundisha timu ya wanaume katika AfroBasket, alijenga jina lake kwa kazi ya ukocha.

Kwetu Mombasa, ambako KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, imeufanya ukumbi wa Makande kuwa shule ya mchezo huu kwa wanaume na wanawake, ninamshauri mchezaji aanze kabla hajavua jezi. Aombe kukaa kwenye meza ya waamuzi na kujaza karatasi ya alama katika mechi za wengine, kwa kuwa hakuna mahali pengine atakapojifunza haraka kuhesabu faulo za timu, taimauti zilizobaki na saa ya sekunde 24 ambazo timu hupewa kushambulia, kwa wakati mmoja. Achukue timu ya watoto wa chini ya miaka 16, wale wanaocheza kwenye saruji jua likishapoa, na ajizoeze kusema mambo mawili tu katika taimauti ya sekunde 60. Kijana mwenye kiu na moyo unaodunda hawezi kubeba la tatu. Awatazame hasa walio mwisho wa benchi. Nao ukocha wa vijana kwetu haulipi, au hulipa nauli, kwa hiyo mwenye kazi bandarini au dukani aishike kazi yake, apange mazoezi baada ya Alasiri, na asafiri na timu pale ruhusa inapopatikana.