Kutosumbukia kesho: Yesu alimaanisha nini?

Katika mafundisho ya Kikristo, kutojisumbua ni kukataa kubeba leo mzigo wa kesho, kwa kuwa Mungu ni Baba anayejua wanawe wanahitaji nini. Fundisho lenyewe liko katika Mathayo 6:25–34: msisumbukie mle nini, mnywe nini wala mvae nini. Walioambiwa hayo hawakuwa watu wenye akiba. Galilaya ya siku hizo ilikuwa ya wavuvi, wakulima wadogo na vibarua waliongoja ujira wao jioni ndipo nyumbani kupikwe.

Wengi huanza kusoma aya ya 25 na kuiruka ya 24, isemayo kwamba mtu hawezi kumtumikia Mungu na mali. Hapo ndipo penye kiini. Mwenye shida anaweza kutawaliwa na mali asiyonayo, kama vile tajiri wa Luka 12, mwenye ghala tele, alivyotawaliwa na ile aliyonayo.

Je, kuweka akiba ni kukosa imani? Tazama habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, katika Kutoka 16. Kila mtu aliokota pishi moja kwa siku, na iliyolazwa hadi asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Lakini siku ya sita waliamriwa waokote maradufu na kuweka ya Sabato, nayo haikuoza. Mungu yuleyule alikataza kuweka, kisha akaagiza kuweka. Na katika Matendo 11, nabii Agabo alipotabiri njaa, wanafunzi wa Antiokia hawakukaa wakingoja muujiza. Walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi.

Kwa hiyo mhubiri anayemwambia mwenye njaa “mwamini Mungu tu” huku mkono wake ukiwa mfukoni, Yakobo 2:15–16 inamhusu: kumwambia mwenye njaa ashibe bila kumpa anachohitaji hakumfai kitu. Vilevile, wasiwasi unaomnyima mtu usingizi majuma mfululizo unaweza kuwa ugonjwa, na kumwona daktari si dhambi.

Wala fundisho hili haliahidi kwamba Mkristo hatapungukiwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi, Wakristo wa mji wa Filipi, “Msijisumbue kwa neno lo lote” akiwa kifungoni, na katika sura hiyohiyo anasema anajua kushiba na kuona njaa. Kisha anawashukuru kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa mjumbe wao Epafrodito.