Kocha aliyefuta kuangushana mazoezini: dhana potofu kuhusu futiboli ya St. John's

Collegeville, Minnesota, kuna chuo cha wanaume kiitwacho St. John's, kando ya abasia ya Wabenedikto wanaofuata kanuni ile ile inayofuatwa Peramiho na Ndanda. John Gagliardi alifundisha timu ya futiboli ya Kimarekani hapo kuanzia 1953 hadi 2012. Ukijumlisha na misimu minne aliyoanzia Carroll College, Montana, aliondoka na ushindi 489, vipigo 138 na sare 11. Hakuna kocha wa chuo chochote cha Marekani, kikubwa wala kidogo, aliyeshinda mechi nyingi kiasi hicho. St. John's ilitwaa ubingwa wa taifa wa ngazi yake mara nne: 1963, 1965, 1976 na 2003. Yote hayo wachezaji wake wakiwa hawaangushani mazoezini, yaani hawamkumbi mwenye mpira na kumlaza chini kama wafanyavyo kwenye mechi. Mengi husemwa juu ya mafanikio hayo, na sehemu kubwa si sahihi.

Dhana: Wasipopigana vikumbo katikati ya wiki, Jumamosi, siku ya mechi, wapinzani watawachezea watakavyo.

Hii ndiyo kubwa, na inatokana na kutoelewa mchezo wenyewe. Timu inayoshambulia ina watu 11 na inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani mita 9 na ushee. Kila jaribio huanza watu wakiwa wamesimama kwenye nafasi zao, hudumu sekunde chache, kisha mchezo husimama. Katika sekunde hizo kila mmoja ana kazi yake: huyu azibe kulia, yule amvute beki pembeni, mwingine akimbie hatua tano na kugeuka. Mzuiaji mmoja, yule anayemfungulia njia mwenye mpira, akianza na mguu usio wake, mwanya haufunguki na mkimbiaji anaangukia mgongoni mwa mwenzake. Majaribio mengi hufia hapo, kabla nguvu za mtu hazijapata nafasi ya kuhesabika.

Gagliardi aliiona hesabu hiyo mapema. Mazoezi yake hayakuzidi dakika 90 hivi. Wachezaji walivaa helmeti na pedi za mabega, lakini chini walikuwa na kaptura au suruali za mazoezi. Mashambulizi yalipangwa dhidi ya wenzao waliojipanga kama mpinzani wa Jumamosi ijayo, na mchezo ukarudiwa, ukarudiwa tena. Mlinzi alikimbia kwa kasi kamili, akachagua pembe ya kumfikia mwenye mpira, akajiweka mbele yake, kisha akamwachia apite. Kwa kuwa hakuna aliyelala chini, hakuna rundo la watu la kufumua. Kila mmoja alirudi kwenye nafasi yake mara moja na jaribio jingine likaanza. Kosa la hatua moja linaonekana wazi na kurekebishwa papo hapo, ilhali timu inayoangushana hupoteza muda kwa kuinuana, kupumua na kufungana bendeji.

Faida ya pili ni rahisi kuipima: walio kwenye kikosi cha kwanza Jumanne bado wapo kwenye kikosi cha kwanza Jumamosi.

Wanaoiga nusu ndio hukwama. Wanafuta kuangushana lakini hawaongezi marudio, au wanaacha walinzi watembee badala ya kukimbia. Matokeo yake mlinzi hufika sekunde moja baadaye kwenye mechi na kukamata hewa. Kingine kinachosahaulika: vijana waliofika St. John's walikuwa wameshafundishwa kuangusha mtu wakiwa sekondari. Mgeni kabisa wa mchezo huu lazima kwanza afundishwe kuweka kichwa pembeni, kugusa kwa bega na kufunga mikono. Asipojua hayo, kufuta vikumbo hakumsaidii chochote.

Dhana: Ilikuwa timu ya raha, isiyo na nidhamu.

Orodha ya mambo aliyoyakataa ni ndefu kweli. Hakuna filimbi. Hakuna mashine za chuma za kusukuma wala midoli ya kukumba. Hakuna kuzunguka uwanja kama adhabu, hakuna kunyimwa maji, hakuna kuonea wachezaji wapya. Hakuna aliyemwita "kocha". Alitaka aitwe John. Jumatatu haikuwa siku ya kushuka uwanjani. Tena hakuna aliyechujwa: aliyetaka kucheza alibaki, na orodha ya wachezaji ilivuka 150.

Soma orodha hiyo vizuri. Kila kilichofutwa ni kitu kilichokula muda bila kuifanya timu itekeleze mchezo wake vizuri zaidi. Kilichobaki kilidaiwa kwa ukali: hatua sahihi, sekunde sahihi, kila siku. Tunaona hiyo ni nidhamu ngumu kuliko kupuliza filimbi, kwa sababu mchezaji hana kelele za kocha za kumsukuma. Anatakiwa ajue kazi yake mwenyewe.

Dhana: Alibuni mbinu hii kwa sababu ya utafiti wa majeraha ya ubongo.

Utafiti huo ulikuja miongo mingi baadaye. Gagliardi alizaliwa 1926 katika mji wa Trinidad, jimbo la Colorado (si kisiwa cha Karibiani). Mwaka 1943 kocha wa shule yake ya sekondari aliitwa vitani, na yeye, akiwa na miaka 16, akapewa timu. Alifuta yale ambayo yeye na wenzake waliyachukia: mizunguko ya uwanja, mazoezi marefu ya viungo, na ile imani kwamba kunywa maji mazoezini kunadhuru. Timu ikaanza kushinda, naye hakurudi nyuma tena.

Wengine walimfikia polepole. Timu ya chuo cha Dartmouth, chini ya kocha Buddy Teevens, iliacha kuangushana mazoezini mwaka 2010 na wahandisi wa chuo hicho wakatengeneza mdoli unaojiendesha wa kuangushwa badala ya mtu. Mwaka 2016 makocha wote wa Ivy League, ligi anamocheza Dartmouth, walikubaliana kufuta mazoezi ya kuangushana wakati wa msimu.

Dhana: Chuo kidogo hununua wachezaji kwa ufadhili wa michezo.

St. John's iko Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na huko ufadhili wa michezo hauruhusiwi. Mchezaji anaweza kupata msaada wa ada kwa alama zake za darasani au kwa hali ya familia, sawa na mwanafunzi yeyote, lakini si kwa kudaka mpira. Kukosa ufadhili hakumaanishi kukosa watazamaji: tarehe 23 Septemba 2017 mechi dhidi ya mahasimu wao St. Thomas ilihamishiwa uwanja wa Target Field, Minneapolis, na watu 37,355 wakaingia, rekodi ya daraja hilo. St. John's ilifungwa 20–17.

Na mechi ya kwanza ya futiboli ya vyuo vya Marekani kuchezwa Afrika ililetwa Arusha na timu ya namna hiyo, isiyotoa ufadhili wa futiboli: timu ya chuo cha Drake, jimbo la Iowa, iliyoifunga timu ya nyota wa vyuo vya Meksiko 17–7 mwezi Mei 2011.

Dhana: Walishinda kwa kuwa wapinzani walikuwa dhaifu.

Fainali ya 1963 walicheza na Prairie View A&M, waliokuwa na Otis Taylor, mdakaji ambaye baadaye alifunga tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) ya yadi 46 kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya kulipwa, akiwa na Kansas City Chiefs. St. John's ilishinda 33–27. Mwaka 2003, huko Salem, Virginia, walikutana na Mount Union ya Ohio iliyokuwa imeshinda mechi 55 mfululizo. Mount Union ilitawala daraja lile kama hakuna nyingine. Ikakwama: mlinzi Mike Zauhar alinasa pasi na kuikimbiza yadi 100 hadi tachidauni, mechi ikaisha 24–6. Mlinzi huyo hakuhitaji kumwangusha mtu wiki nzima ili ajue asimame wapi.

Dhana: Kocha alipoondoka, timu ilikufa.

Gary Fasching alichukua usukani 2013. Mwaka uliofuata timu ilikuwa bingwa wa ligi yake, na 2019 ikafika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Wisconsin-Whitewater 35–32. Mwaka 2018 kota-beki wake (mrushaji wa pasi) Jackson Erdmann alipata tuzo ya mchezaji bora wa Daraja la Tatu. Tuzo hiyo inaitwa Gagliardi.

Dhana: Ushindi 489 maana yake ndiye mwenye wastani bora.

Hapana. Idadi hiyo imebebwa na misimu 64. Larry Kehres wa Mount Union alishinda 332, akafungwa 24 na kutoka sare 3 katika misimu 27, akiwa na mataji 11 ya taifa. Hiyo ni karibu asilimia 93, wakati Gagliardi yuko chini kidogo ya 78.