Coimbra kwa jicho la mhifadhi wa majengo ya kale

Msafiri anayetoka Lisbon kwenda Porto kwa treni nchini Ureno hupita Coimbra njiani, na wengi huishia kuuona mji huo dirishani tu: nyumba nyeupe zilizopandana kilimani, mnara mmoja kileleni, na mto Mondego chini yake. Ushauri wangu ni kushuka na kulala hapo walau usiku mmoja. Treni ya kasi kutoka Lisbon huchukua chini ya saa mbili, na kutoka Porto ni kama saa moja. Kituo cha Coimbra-B kiko nje kidogo ya mji wa kale, kwa hiyo usafiri wa kumalizia safari upangwe mapema. Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo na nyaraka za kale za pwani yetu, na hicho ndicho kitakachoongoza maelezo haya. Anayetafuta orodha ya migahawa hatafaidika sana nami.

Chuo Kikuu cha Coimbra kilianzishwa na Mfalme Dinis mwaka 1290, tena si Coimbra bali Lisbon. Kwa zaidi ya karne mbili kilihamishwa huku na huko kati ya miji hiyo miwili, hadi mwaka 1537 Mfalme João III alipokiweka Coimbra moja kwa moja na kukipa nafasi ndani ya kasri lake. Kasri hilo lenyewe limejengwa juu ya ngome ya watawala Waislamu walioushika mji kabla haujatekwa na Wakristo mwaka 1064. Mwaka 1597 chuo kililinunua kasri kutoka kwa Mfalme Filipe I, yaani Felipe II wa Hispania, ambaye wakati huo alizitawala nchi zote mbili. Msomaji wa Mombasa anamfahamu mfalme huyo hata kama hakumbuki jina lake, kwa kuwa ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka 1593 chini ya utawala wake. Alichojenga kwetu kilikuwa na mizinga. Alichouza kwao kikawa madarasa.

Kupanda hadi kasri ni vyema kuanzie mtaa wa chini, kwa kupita lango la Almedina na ngazi za Quebra Costas, hadi kwenye kanisa kuu la kale, Sé Velha, ambalo kuta zake za karne ya 12 zimejengwa kwa uzito wa ngome. Asiyeweza kupanda ngazi atumie basi, kwani mawe ya njia hizo huteleza vibaya mvua inaponyesha. Ukiingia katika ua wa chuo kwa lango liitwalo Porta Férrea, utakuta kiwanja kipana kilichozungukwa na majengo pande tatu, na upande wa nne umeachwa wazi kuelekea mtoni. Ukumbi uliokuwa wa kiti cha enzi sasa huitwa Sala dos Capelos, na watahiniwa wa shahada ya uzamivu hadi leo huutetea utafiti wao humo, wakizungukwa na picha za wafalme wa Ureno.

Lakini kilichonipeleka Coimbra hasa ni maktaba ya Joanina, iliyojengwa kati ya mwaka 1717 na 1728 kwa amri ya Mfalme João V, wakati dhahabu ya Brazil ilipokuwa ikimiminika katika hazina ya Ureno. Wageni huduwaa mbele ya kabati zake za kijani, nyekundu na nyeusi zilizochorwa kwa dhahabu mandhari za Kichina, na wana haki ya kuduwaa. Mimi naomba watazame zaidi mambo yasiyong'aa. Kuta zina unene wa zaidi ya mita mbili, na mlango ni wa msaji, mti uleule uliotumiwa kwa milango mingi ya Zanzibar. Vitu hivyo viwili, bila mashine yoyote, hulifanya joto la ndani lisipandepande wala kushukashuka mwaka mzima. Rafu ni za mwaloni, mti mgumu ambao harufu yake huwakera wadudu watoboao vitabu. Hata ngazi za kufikia rafu za juu zimefichwa katika nafasi nyembamba kati ya kabati, na huchomolewa pale zinapohitajika.

Wadudu wanaopenya licha ya ulinzi huo wote huachiwa popo. Kundi dogo la popo huishi nyuma ya kabati, na usiku hutoka kuwinda ndani ya vyumba vitatu vya maktaba. Kwa kuwa kinyesi chao huharibu mbao, kila jioni wafanyakazi hufunika meza za thamani kwa vipande vya ngozi, na kila asubuhi huviondoa na kusafisha sakafu kabla ya wageni kuingia. Mgeni wa mchana hatawaona popo wenyewe. Huu si mzaha wa kuwafurahisha watalii bali ni utaratibu wa kazi wenye gharama na nidhamu yake, na sisi tunaopambana na mchwa na unyevu wa Lamu au Unguja tunaelewa haraka kwa nini mtu angependelea popo kuliko dawa ya kunyunyiza, ambayo huua wadudu leo na kuichakaza karatasi kesho. Hata hivyo nisingependa mtu aige hilo katika jengo lenye kuta nyembamba na paa la bati, kwani popo ni sehemu moja tu ya mpango, na bila kuta zile na mbao zile wangebaki kuwa kero.

Mwaka 1728, maktaba hiyo ilipokuwa inakamilika, majeshi ya mfalme huyohuyo João V yaliirudia Fort Jesus, ambayo Waomani walikuwa wameiteka mwaka 1698. Wareno hawakudumu, wenyeji wa Mombasa waliwageuka, na mwaka uliofuata wakaondoka.

Chini ya maktaba kuna jela. Chuo kilikuwa na sheria na mahakama yake, na wanafunzi waliokosa walifungwa humo badala ya kuchanganywa na wafungwa wa kawaida, hadi haki hiyo ilipofutwa mwaka 1834. Vyumba ni vidogo na vya giza, na dakika chache zinatosha kuvitazama.

UNESCO iliuorodhesha mji wa juu pamoja na mtaa wa Sofia kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2013. Anayetoka katika ua wa kale hushangaa kukuta majengo makubwa, meupe, yenye nguzo na sanamu za kutisha, yasiyofanana kabisa na kasri. Hayo ni matunda ya utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mhadhiri wa uchumi hapo. Kuanzia miaka ya 1940 serikali yake ilibomoa sehemu kubwa ya mji wa juu, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, na wakazi wakahamishiwa pembezoni ili vitivo vipya vipate nafasi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jeraha kubwa kuliko yote yaliyoupata mji huo, na waongozaji wengi hulipita kwa sentensi moja. Ni katika uzinduzi wa moja ya majengo hayo mapya, la Hisabati, tarehe 17 Aprili 1969, kiongozi wa wanafunzi Alberto Martins aliomba kuzungumza mbele ya Rais Américo Tomás na kunyimwa nafasi. Alikamatwa usiku huo, na wanafunzi wakajibu kwa kugoma na kususia mitihani.

Vijana wa makoloni nao walipita hapo. Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola, alifika Coimbra mwaka 1947 kusomea udaktari kabla ya kuhamia Lisbon, na chama cha ukombozi wa Angola alichokuja kukiongoza, MPLA, kilikuwa na ofisi Dar es Salaam wakati wa vita vya ukombozi.

Kuhusu wakati wa kwenda, mwezi Mei kuna sherehe ya Queima das Fitas, ambapo wanafunzi waliovaa majoho meusi hujaa mitaani na riboni za rangi za vitivo vyao, nyekundu kwa sheria na njano kwa udaktari. Ni ya kupendeza, ila vyumba vya kulala huwa adimu na usingizi pia. Chanfana, nyama ya mbuzi inayopikwa polepole katika chungu, hupikwa kwa mvinyo, basi asiyetumia aulize kabla ya kuagiza. Tiketi ya Joanina huandikwa saa maalumu ya kuingia, na vikundi hukaa ndani kwa muda mfupi. Inunuliwe mapema, na saa zinazobaki zitumike katika Makumbusho ya Machado de Castro, ambako mgeni hushuka chini ya jengo na kutembea ndani ya vichochoro vya mawe ambavyo Warumi walivijenga kubeba uwanja wa mji wao.