Tingatinga si sanaa ya mababu

Wageni wengi, na hata sisi wenyeji, huambiwa kwamba michoro ya Tingatinga ni urithi wa kale. Si kweli. Ilianza mwaka 1968 hapa hapa Dar es Salaam, kwa mkono wa mtu mmoja: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru.

Hakuwa na studio wala turubai. Alitumia vipande vya mraba vya hadibodi, vile vya kupigia dari, akavipaka rangi ya mafuta ya kung'aa, ileile ya kupakia baiskeli. Kwanza rangi ya nyuma, bapa, kisha chui au ndege mmoja mkubwa anayejaza kipande chote. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako Wazungu walikuja kununua mahitaji yao. Soko hilo, nadhani, lilichangia mtindo huu kuliko mila yoyote.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake, akiwamo Simon Mpata, waliendelea kuchora. Ushirika wao uliundwa 1990, na hadi leo wachoraji wanafanya kazi palepale Oysterbay.